Mama Ploti na Kengele ya Bisil

Niliondoka Athi River asubuhi moja bila kumuaga mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kuagwa. Kazi ya kupakia mawe ilikuwa imeisha, chumba nilikuwa nimekirudisha, na begi langu lilikuwa jepesi kuliko siku niliyofika. Nilisimama barabarani nikaangalia huku na huku. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linapeleka kokoto Kitengela. Lingekuwa linaelekea Voi, leo ningekuwa naandika habari za mtu mwingine.

Dereva alimwaga kokoto zake kwenye mtaa wa nyumba za kupangisha, nami nikashuka hapo hapo. Juu ya paa la nyumba moja ya ghorofa mbili alisimama mama mwenye kitambaa kichwani na sweta ya kijani, akilifokea tangi la maji.

"Lia! Si ulie? Jana ulikuwa unalia vizuri, leo umeona watu ukashikwa na aibu?"

Tangi likapiga honi. Ilikuwa honi ya lori, ile nzito, na mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Mama akageuka, akaniona nimeinua kichwa kama kuku anayekunywa maji.

"Wewe, unatafuta chumba ama unatafuta kucheka?"

"Vyote viwili, Mama."

"Chumba kiko. Ya kucheka utajitafutia."

Nilikaa kwake miaka minne, na kwa mtu kama mimi hiyo ni sawa na kuzeeka mahali. Wapangaji walimwita Mama Ploti, maana nyumba za kupangisha kule huitwa ploti. Jina lake halisi nililisikia mara moja au mbili, kanisani, na silitumii hapa kwa sababu hakuna aliyelitumia.

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimejifunza vitu kwa kusimama karibu na watu wanaovifanya mpaka wanichoke. Mama Ploti hakuchoka haraka. Wiki ya kwanza tu alinionyesha alichokuwa anakifanya juu ya paa: redio ndogo, ukubwa wa pakiti ya majani chai, yenye antena fupi na kioo cha kusomea maneno machache.

"Hii haina laini," alisema. "Haina bando. Haipigi umbea. Inasema neno moja, inanyamaza. Nioneshe mtu wa Kitengela anaweza hiyo."

Namna zilivyofanya kazi alinieleza kwa mfano wa wachungaji. Mmoja akiwa na habari anaiita kutoka kilima chake, wa kilima cha pili akisikia anairudia kwa sauti yake, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka habari inafika mahali ambapo yule wa kwanza hata hapaoni. Redio zake zilifanya hivyo hivyo. Ila kila neno lilikuwa na ruhusa ya kurudiwa mara tatu tu, kisha linakufa, la sivyo lingezunguka hewani bila mwisho kama wimbo uliokukwama kichwani. Na neno likishafika, kazi yake haikuwa kusomwa. Kazi yake ilikuwa kuamsha kitu.

Hapo ndipo alipokuwa mtoto. Kila kitu alichokuwa nacho alitaka kukiamsha kwa mbali, kwa kubonyeza redio nyingine aliyobeba mkononi. Mlango wa banda la kuku ulifunguka wenyewe akiwa bado kitandani. Honi ya tangi iliwaita wapangaji na ndoo zao maji yakifika. Jumapili moja alibonyeza vibaya akiwa anapika, na honi ikalia wakati mhubiri wa kanisa la mabati lililopakana nasi alikuwa amefika kwenye tarumbeta ya mwisho. Nasikia watu wawili waliokoka siku hiyo. Mhubiri alikuja kulalamika, lakini si kwa ukali sana, na Mama Ploti aliwahesabu wale wawili kama kazi ya redio yake mpaka siku niliyoondoka.

Nje kidogo ya Kitengela, upande wa Kajiado, alikuwa na shamba la vitunguu, na huko alisimamisha mtu wa mbao aliyeitwa Chifu, mwenye koti kuukuu na mkono wa bawaba uliovutwa na injini ndogo aliyoing'oa kwenye mdoli. Akibonyeza Kitengela, Chifu alipunga mkono shambani na ndege wakaruka. Mchungaji mmoja alitembea mpaka kwa jirani wa shamba kushtaki.

"Yule mzee wenu hana adabu," alisema. "Nimemwambia sopa, amenyamaza. Nimerudia, amenyamaza. Nikigeuka kwenda, ananipungia mkono kama mtoto."

Mama Ploti alipopata habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Kisha akanituma nikaongeze kofia, ili Chifu aonekane mtu wa serikali na asitarajiwe kujibu salamu.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe bila kuona haya. Wapangaji walikatazwa kufuga kuku, naye alikuwa na kuku kila pembe. Redio za muziki zilizimwa saa tatu usiku kwa amri, ilhali honi yake ilimwamsha yeyote saa yoyote maji yakija. Alikuwa mtu wa maombi, lakini waya ukikataa kushika risasi ya kulehemu alitoa maneno ambayo sikuyajua, nami nimefanya kazi machimboni. Na zaidi ya yote, alikuwa anaongea. Aliongea akila, akifua, akipanda ngazi. Lakini redioni hakuwahi kutuma zaidi ya herufi moja. Nilimuuliza kwa nini.

"Maneno ni ya watu wako karibu," akasema. "Mtu wa mbali anataka tu kujua uko."

Alikuwa na semi zake nyingine. Ukimwambia kitu kinafanya kazi, alijibu, "Usiniambie kinafanya. Niambie kimefanya." Ukimharakisha: "Mimi sina haraka, niko na betri."

Mtu wa mbali aliyemsema alikuwa mmoja, na alikuwa Bisil.

Walikuwa wameuza bega kwa bega sokoni huko kwa miaka mingi, Mama Ploti vitunguu na mwenzake mbuzi, kila mmoja akimlindia mwenzake mali akienda kunywa chai. Mama Ploti alimwita Yeyo, kwa Kimaasai mama, ingawa walikuwa rika moja. Yule naye alimwita Kitunguu. Kisha nyonga za Yeyo zikaharibika. Akaacha soko, akatulia bomani kwake, nje ya Bisil, kwenye bonde ambako simu haishiki hadi mtu apande barabarani. Mama Ploti naye alikuwa na nyumba ya kujenga na wapangaji wa kugombana nao. Safari zikapungua, kisha zikakatika. Siku moja mnunuzi wa mbuzi alipita Kitengela na salamu.

"Yeyo anasema ulishakuwa mtu wa ghorofa. Anasema ulimsahau."

Mama Ploti akachukua sufuria. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiosha sufuria nzima bila kusema neno.

Wiki iliyofuata aliondoka na kengele ya ng'ombe, redio moja na sola ya ukubwa wa kitabu, akaenda Bisil peke yake. Alivifunga kwenye mlango wa Yeyo, na injini ya mdoli mwingine ya kuitikisa kengele. Mpango ulikuwa huu: kila asubuhi akiweka chai jikoni Kitengela, atabonyeza, na kengele italia Bisil, ili Yeyo ajue amekumbukwa. Yeyo naye aliachiwa kitufe chake. Akikibonyeza, taa ndogo itawaka juu ya jiko Kitengela.

"Kwani huwezi kumtembelea tu?" nilimuuliza aliporudi.

"Na hizi nyumba nimwachie nani? Wewe? Utaamka siku moja uende."

Nikachukua ndoo nikaenda kwenye tangi.

Kati ya Kitengela na Bisil kulihitajika masikio mawili juu ya vilima, na vilima ni vya watu. Kwenye cha kwanza, upande wa Isinya, mwenyewe hakutaka zaidi ya kusalimiwa vizuri. Cha pili, mbele ya Kajiado, nilikipanda na sanduku mgongoni, na mzee mwenye kilima akanifuata hadi juu akitembea polepole kuliko mimi na kufika kabla yangu.

"Hiki kitu kitamfanyia nini huyo mama?"

"Kitapiga kengele kwa rafiki yake, Mzee."

"Na mimi kitanipigia nini?"

Ikabidi nirudi wiki iliyofuata na taa ya kuwasha kwenye zizi la wana-kondoo, akipenda yeye mwenyewe, kwa kitufe alichokificha ndani ya shuka. Aliiwasha mchana kutwa, jua likiwa utosini, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kila kitu kilikuwa tayari. Mama Ploti akaweka chai, akabonyeza. Bisil pakawa kimya.

Alibonyeza kila asubuhi kwa miezi. Kengele haikulia hata mara moja. Tulikwenda vilimani tukakuta redio ziko salama, mbuzi hawajala waya, betri zimejaa. Mzee wa kilimani alisema taa yake inawaka vizuri na kama kuna shida basi iko kwetu. Binti wa Yeyo alipanda barabarani siku moja akapiga simu: mama yake anauliza, hii kengele ni ya kulia ama ni ya urembo?

"Mwambie ni ya kulia!" Mama Ploti alipiga kelele. "Mwambie asitoe!"

Tangu tulipoanza kupanda vilimani, mtaa wetu ulikuwa umeshikwa na ugonjwa wake. Jirani wa namba nne, mtu wa Kakamega aliyefanya kazi ofisini Nairobi na kurudi jioni, alinunua redio kama hizo, akawasha nazo taa za varanda. Fundi wa televisheni akaweka yake. Mwenye duka la dawa akaweka yake. Kila mmoja aliipandisha paani, akaichomeka kwenye stima, akaichagulia kazi ya mnara, yaani ya kurudia kila neno inalolisikia. Walifanya hivyo kwa moyo mweupe. Walijua Mama Ploti anataka kufika Bisil, na kila mtu alitaka neno lake lipitie kwake. Nani angependa kuambiwa redio yake ni ya kusikiliza tu?

Kisha stima ikapotea. Ilipotea mtaa mzima, asubuhi, kama inavyopenda kufanya ukiwa umeweka nguo kwenye ndoo na pasi mezani. Mama Ploti alikuwa anapika kwa gesi. Alibonyeza redio yake ya mkononi kwa mazoea tu, akigombana nami kuhusu sukari. Taa ndogo juu ya jiko, ambayo ilikuwa na betri yake, ikawaka.

Sukari ikasahaulika. Chai ikamwagika kwenye jiko na hakuna aliyesogea.

Akabonyeza tena. Taa ikawaka tena. Baada ya muda simu ikalia. Alikuwa binti wa Yeyo, anahema kwa kupanda mlima. "Mama anasema kengele imelia! Anasema umwache kidogo, mbuzi wamekimbia!"

Stima iliporudi, mambo yakarudi yalivyokuwa. Akabonyeza mpaka kidole kikamuuma, taa haikuwaka.

Jibu lilipatikana siku hiyo hiyo, jioni, tukiwa tumekaa ngazini na jirani wa namba nne, tunazungumza tu. Stima ilipopotea, nini kilibaki hai? Vilima, maana vina sola. Na redio moja ya mtaani, iliyokuwa juu ya ghorofa jipya lililotuzidi kimo, nayo ya sola. Nyingine zote zilikuwa zimekufa. Basi neno lilikuwa na njia moja tu: ghorofa jipya, kilima cha Isinya, kilima cha Kajiado, Bisil. Mara tatu kamili. Stima ikiwepo, Mama Ploti akibonyeza, namba nne anadaka anarudia, fundi wa televisheni anarudia, mwenye dawa anarudia, na neno linamaliza ruhusa yake yote hapa hapa, kati ya kinyozi na bucha. Kumbe lilikuwa linachoka kabla ya kutoka Kitengela. Kuliongezea ruhusa alikuwa ameshajaribu. Makelele yakazidi, hata kuku wakaanza kufunguliwa saa sita usiku.

Jumapili baada ya kanisa aliwaita wote. Akapika viazi vitamu na chai ya maziwa, jambo ambalo wapangaji hawakuwahi kuliona.

"Nawaomba," akasema, "redio zenu zisikilize tu. Zisirudie. Ya ghorofa jipya peke yake ndiyo irudie. Ni hivyo tu."

Walitazamana. Fundi wa televisheni akasema yake iko na antena kubwa kuliko za wote, ingekuwa hasara. Mwenye dawa akasema yeye ndiye aliyeanza kuamka mapema kumsaidia. Mwisho jirani wa namba nne akaweka kikombe chini.

"Mathe, kwa heshima. Anza na ile yako ya paani."

"Yangu ndiyo ya kwanza Kitengela nzima!"

"Ndiyo. Na siku kengele ililia, yako ilikuwa imezima kama zetu."

Sijui kama watu waliokuwa pale walielewa walichomwomba. Redio ile ya kwenye tangi ndiyo aliyoipigia kelele siku nilipofika. Aliipaka rangi kila mwaka. Ghorofa jipya lilipopanda kando yetu alikataa kulitazama mwezi mzima. Alikaa akivunja kiazi vipande vidogo vidogo bila kula.

"Ati ninyamaze," akasema.

"Usikilize tu, Mathe."

"Mimi."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, na yeye akawa wa mwisho kuanza na wa mwisho kuacha. Alipanda paani mwenyewe. Tulisikia akiiambia redio kitu kirefu kule juu, hatukukidaka. Aliposhuka wengine wakachomoa simu zao, maana redio hizo zilipangwa kwa simu, wakabadilisha za kwao, mmoja baada ya mwingine, pale pale mezani.

Kesho yake, stima ikiwepo, aliweka chai, akabonyeza, na taa ikawaka. Ikawa hivyo kila asubuhi. Alikuwa anasubiri taa ndipo atie majani. Siku nyingine Yeyo alichelewa, na tulikunywa chai iliyochemka mpaka ikawa uji.

Niliondoka Kitengela kama alivyotabiri, nilipoamka siku moja. Yeye nilimuaga. Alinipa vitunguu, ingawa nilimwambia sina pa kuvipikia.

Nilizunguka. Nilikaa Illasit msimu wa nyanya, nikashuka Rombo, nikarudi juu kwa njia ya Namanga na watu waliokuwa wanapeleka ng'ombe mnadani. Wakaniacha Bisil siku ya soko, mahali ambapo, pamoja na habari zote hizo, sikuwahi kukanyaga. Vumbi, ng'ombe, shuka nyekundu, maduka ya chai yamejaa. Nikauliza pa kulala. Muuza maji akaninyooshea mkono kuelekea vyumba vipya vya mabati pembeni ya bonde. "Nenda kwa wale wamama wawili. Utawasikia kabla uwaone."

Ni kweli niliwasikia.

"Nimekwambia huo mlango unafungukia nje, Kitunguu. Nje!"

"Ukifungukia nje mbuzi wako watalala ndani, Yeyo."

Mama Ploti alinitazama kuanzia kichwani hadi viatu, nyundo mkononi. Sweta ilikuwa nyingine, ya kahawia. "Umekonda," akasema. "Vitunguu ulipika?"

Nilikalishwa, nikapewa maziwa. Yeyo alikuwa mwembamba, mrefu hata akiwa amekaa, fimbo mapajani. Nikauliza ilikuwaje. Walinisimulia wakikatizana.

"Asubuhi moja nimebonyeza," Mama Ploti akasema, "taa haiwaki. Nabonyeza tena. Hakuna. Nimengoja mpaka maji ya chai yakaisha. Nikasema, huyu amekufa. Nimetoka na malapa, hata mlango sijafunga. Nafika hapa nalia, nakuta amekaa pale, anakula."

"Nilikuwa nasikia kengele vizuri," Yeyo akasema.

"Alikuwa anasikia! Nikamuuliza, kitufe kimeharibika? Anasema hapana. Mbuzi wamekula waya? Hapana. Sasa kwa nini hukujibu?"

Yeyo alinigeukia mimi, kana kwamba ndiye niliyeuliza.

"Miaka miwili najua ananikumbuka," akasema. "Kila siku, ngrr, ngrr. Nikachoka kukumbukwa. Nikataka kuona kama atakuja."

"Mwanamke mbaya," Mama Ploti akasema, akimwongezea maziwa.

Alikuja kwa siku moja akakaa wiki. Akarudi Kitengela kumwachia jirani wa namba nne ufunguo wa ploti na amri ya kuku, akabeba nyundo yake, akarudi. Sasa walikuwa wanajenga vyumba vya kupangisha kwa wauza mifugo, na hawajawahi kukubaliana juu ya ukuta hata mmoja.

"Chumba kiko?" nikauliza.

"Kimoja," Mama Ploti akasema. "Rangi haijakauka. Usiegemee ukuta."

"Na mlango?"

"Mlango bado," Yeyo akasema. "Tunaugombania. Leo lala hivyo hivyo, sisi tuko hapa nje."

Niliingia, nikaweka begi katikati ya sakafu, mbali na kuta. Nje walikuwa wameanza tena, nje, ndani, nje, nami nikavua viatu.